Gethin Probert, Fundi wa Gugu na Dhamana ya Miaka Kumi

Marehemu Gethin Probert alizaliwa tarehe 11 Machi 1956 mtaa wa Treboeth, Swansea, mtoto wa kwanza wa Elwyn, mchomeleaji, na Olwen. Miaka miwili baadaye alizaliwa Idwal, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu. Idwal anaungama mbele yenu: alimwonea kaka yake wivu tangu jikoni kwa mama. Kila Jumamosi, kikeki cha kwanza kutoka kikaangoni kilikuwa cha Gethin.

Gethin alisoma shule ya mtaani hadi 1972. Idwal alipoingia, walimu waliuliza, "Wewe ndiye mdogo wake Gethin?" Jina la Idwal mwenyewe hawakulitaka.

Gethin alianza kazi katika bustani za manispaa. Mwaka 1994 alifungua kampuni ya kuua gugu la Kijapani, lile linalopasua sakafu na kuifanya benki imnyime mkopo mnunuzi wa nyumba. Kila kazi aliitolea dhamana ya miaka kumi, akaikatia na bima. Watu waliitunza karatasi hiyo pamoja na hati ya nyumba.

Tarehe 2 Juni 1979 alimwoa Nerys, ambaye alikuwa amekwenda dansi na Idwal mara mbili. Yaliyopita si ndwele, ingawa hili linauma hadi leo.

Mwaka 2021 gugu lilizuka uani kwa Idwal. Akaona heri afe kuliko kumwita kaka yake, akalifyeka mwenyewe. Gethin, akipita njiani, akachungulia uzioni.

"We Idwal! Hapo hukati, unapanda! Kila kipande kinaota!"

"Nenda zako. Kwani kila kitu unajua wewe?"

Kiangazi kilichofuata gugu likatokea hadi chini ya ngazi. Idwal, mgane, alitaka kuuza nyumba ahamie kwa bintiye Aberystwyth. Wanunuzi wawili wakakimbia.

Aprili 2024 Gethin aliugua mapafu. Oktoba ya mwaka huo, Idwal alirudi kutoka kwa bintiye akakuta gugu limenyauka, akadhani ni baridi. Gethin alifariki nyumbani tarehe 9 Februari 2025, Nerys akiwa amemshika mkono.

Juzi Nerys alimletea Idwal bahasha.

"Alikuja kupiga dawa ulipokuwa safarini, na mkongojo wake. Alisema ungemfukuza."

"Kazi bure, shemeji. Kampuni si imekufa naye?"

"Ndiyo maana ya bima. Hebu soma."

Ilikuwa dhamana ya miaka kumi kwa jina la Idwal, halali hata fundi akiwa hayupo. Idwal alipandwa na hasira, kisha akaketi ngazini akalia. Nyumba sasa itauzika, na hana tena wa kumwonea wivu.

Marehemu ameacha mjane Nerys, mabinti Mererid na Ffion, wajukuu watatu, na mdogo wake, ambaye hakuwahi kumwambia ahsante.

Ahsante, kaka. Umeshinda. Pumzika sasa kwa amani.