Mma Diphoko Anamwacha Kuku na Tembo Wake

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai, Mma Kelebonye Diphoko anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili katika Shule ya Urubani ya Thamalakane, hapa Maun. Alikuja kutengeneza redio za ndege. Anaondoka akiwa mama wa ndege yetu ya kompyuta, ile ambayo wanafunzi hujifunzia kabla ya kukabidhiwa ndege ya kweli, na ambayo sote huiita Kuku kwa kuwa ana mabawa lakini haruki.

Niseme mapema, asije akanisuta mbele ya wageni: Mma Diphoko si mtu wa unyenyekevu. Akirekebisha kitu, shule nzima hujua kabla chai haijapoa. Nimefundisha urubani chumba cha pili kutoka kwake muda wote huo, na vigelegele vyake nimevizoea kuliko mlio wa injini.

Programu inayomwendesha Kuku haina mwenyewe. Imejengwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na kila mtu ana ruhusa ya kuifungua, kuitengeneza na kuwagawia wenzake alichotengeneza. Mma Diphoko alipoifungua mara ya kwanza aliona kasoro ambayo mtu wa Maun hawezi kuivumilia: katika ramani ya programu, delta ya mto wetu ilifurika Januari na kukauka Julai. Waliochora ramani waliamini kwamba mafuriko huja na mvua. Akageuza, akatuma. Lennart, Mswidi anayepokea marekebisho ya watu wote, akauliza kwa adabu, "Mafuriko bila mvua, Mma? Una hakika?" Akamjibu kwa kumwita bwana, "Maji yanatoka Angola, Rra, tena yanakuja kwa miguu. Njoo Julai, na usisahau buti." Lennart hakuja, ila alikubali, na tangu siku hiyo wakawa marafiki wa kugombana.

Lakini shukrani yetu kubwa ina jina la mtu, nalo ni Moagisi. Alikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote juu ya Kuku. Huku kwetu rubani hatui kwenye uwanja wa porini kabla hajaupitia kwa chini mara moja, kuwafukuza wanyama. Tuliwaambia hivyo darasani kila leo, ila viwanja vya Kuku vilikuwa vitupu, na mkono hushika unachofanya, si unachoambiwa. Siku Moagisi alipotumwa peke yake, alishuka moja kwa moja kama alivyozoea. Pundamilia walikuwa katikati ya uwanja. Aliwakwepa, ndege ikaingia vichakani na kuvunjika gurudumu. Yeye alitoka na jeraha kwenye paji la uso, akarudi kwenye zizi la ng'ombe la baba yake, akasema yeye na ndege basi.

Hakuna aliyemlaumu Mma Diphoko. Alijilaumu mwenyewe, kwa sauti kubwa kama kawaida yake. "Kuku ndiye aliyemdanganya mtoto wa watu," alisema pale jikoni, chai na magwinya, maandazi yetu, mkononi, "na Kuku ni wangu."

Akaanza kuumba wanyama ndani ya Kuku. Tembo wake wa kwanza alisimama angani. Twiga akazama ardhini mpaka shingoni. Pundamilia, badala ya kuikimbia ndege, waliifuata hadi mlangoni pa ofisi ya uwanja, pale kwenye skrini, na tulicheka mpaka mkuu wa shule akaja kuuliza kuna nini. Mma hakujali. Alirekebisha mmoja baada ya mwingine, hadi wakawa wanasimama wapendapo na kuondoka tu ukiwapitia chini kwa kelele. Akamtumia Lennart kazi hiyo ili iingie katika programu ya wote. Lennart akakataa: "Mma, watu watadhani ni hitilafu."

"Hitilafu," akamjibu, "ni uwanja usio na kitu."

Basi akawaweka wanyama wake katika nakala yetu wenyewe, maana ruhusa anayo, akampakia Kuku kwenye pikapu pamoja na jenereta, tukaondoka kumfuata Moagisi.

Kijana hakutaka hata kuiangalia ile kompyuta. "Nimekwambia sirushi tena, Mma."

"Kwani nani kakuomba urushe? Nimekuja unifukuzie pundamilia."

Akakaa, nadhani kwa heshima tu. Mara ya kwanza aliwagonga. Mara ya pili aliuachia usukani, akainuka, akaenda kunywa maji, akarudi. Baba yake, Rra Keitumetse, alikuwa amesimama nyuma yetu, na ng'ombe, ambao Mma alikuwa amewatia pia, walipotokea kwenye skrini alipaza sauti, "Wewe! Wapitie taratibu, hao si kama wetu?" Moagisi akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu ajali. Akapita chini, ng'ombe wakatawanyika, akazunguka, akatua. Jumatatu alikuwa darasani.

Lennart naye alisalimu amri, kwa sababu marubani wa kwingineko waliposikia habari hiyo waliomba wanyama na wao. Sasa wamo katika programu ya dunia nzima. Watu wa New Zealand wameongeza kondoo, na Mma Diphoko anadai kila kondoo ni mjukuu wake.

Mma, tunakushukuru kwa kuikataa sifa rahisi ya kompyuta isiyo na kasoro, na kwa kwenda kumtafuta mwanafunzi wetu wakati sisi wengine tulikuwa bado tunasikitika. Wanafunzi wako wote hupita chini kabla ya kutua. Wazazi wao wanalala usingizi kwa sababu yako.

Jumamosi anarudi kwao Seronga. Maji yameshafika na barabara ni ya kuzunguka sana, kwa hiyo atapelekwa kwa ndege, na rubani ni Kapteni Moagisi. Nilimtania asisahau kupita chini kwanza.

"Nitapita mara mbili, Rra," akasema. "Ya kwanza ni ya ng'ombe. Ya pili ni ya asante."

Tsamaya sentle, Mma Diphoko. Uende salama. Hatukutakii uwanja mtupu, maana utatujibu kwamba hiyo ni hitilafu. Tunakutakia ua uliojaa ng'ombe, wajukuu na wageni, nasi tukiwa miongoni mwao.