Diski Iliyooga Maji ya Ganga

Barazani kwa Nantu, hapa mtaani kwetu Kolkata, tunakutana kila asubuhi na vikombe vyetu vya udongo vya chai, na hakosekani mtu wa kupigania asichokijua. Leo zamu ilikuwa ya Bhombol, mpiga picha za harusi. Wiki iliyopita, sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi, alipumzisha vyombo vya kazi kama sisi wote: kamera, kompyuta na diski yake ya pembeni akavipanga mbele ya sanamu, akavivisha maua. Kisha akajifanya mcha Mungu kuliko kuhani. Akainyunyizia diski maji ya Ganga, mto wetu mtakatifu, mpaka ikalowa, na kesho yake akaichomeka hivyo hivyo. Ikafa.

— Sina wasiwasi, akasema. Harusi zote nilizifanyia nakala kwenye diski. Akiba haiozi.

— Na kwenye kompyuta? nikamuuliza.

— Kule nilifuta. Nafasi ilijaa.

Jamani! Nimekaa masjala ya mahakama miaka thelathini na moja, nikamweleza polepole kama anayeongea na mbuzi. Jalada ukilitoa mezani ukalifungia kabatini, umelihifadhi tu. Bado ni lile lile moja, na kabati likiungua, nalo limekwenda. Kufanya nakala ni jalada kubaki mezani, pacha wake akalale nyumba nyingine.

— Wewe ulihamisha, Bhombol. Hukunakili hata harusi moja.

Akasema nina wivu. Nantu, dereva mstaafu wa tramu, akaamuru diski izikwe kwenye gunia la mchele siku tatu, inyonywe maji, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hulo, muuza dawa, akamcheka: mchele wa nini, na siku hizi picha zote hupanda zenyewe mawinguni? Nantu akataka kujua kama hazilowi msimu wa mvua. Hulo akafikiri kweli kweli, akasema ndiyo maana nyingine hushuka na ukungu. Watu wazima hawa, wana wajukuu.

Ndipo akaja Mohua, macho yamemvimba. Baba yake, mzee Nirapada, amefariki juzi juzi. Maisha yake yote aliikimbia kamera. Alikubali siku moja tu, siku ya kumwoza huyu binti, na aliyempiga picha ni Bhombol. Keshokutwa ni shraddha, siku ya kumwombea, na picha ya marehemu ndiyo huvishwa shada mbele ya watu.

— Kaka Bhombol, naomba moja ya baba. Hata kama hakutabasamu.

Bhombol akajikuna shingo, akasema diski imepata maji kidogo, imelala.

— Basi iache ilale, akasema Mohua. Nitolee kwenye ile nyingine. Nyingine umeiweka wapi?

Hulo akatazama viatu vyake. Nantu akakohoa. Mimi niliyeieleza tofauti ya kuhamisha na kunakili kwa mbwembwe dakika kumi tu nyuma, nikamwagizia Mohua chai.