Springi Ngumu za Darlene Kubicek

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Hii ni redio yenu ya Prasek, Nebraska, na mimi ni Wendell Hruska. Leo sipigi muziki. Leo tunamkumbuka Darlene.

Darlene Kubicek alifariki Jumanne wiki hii, saa tatu asubuhi, ndani ya kibanda cha mizani ya nafaka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na tatu. Kwenye mizani ile alifanya kazi miaka ishirini na sita. Taa ilibaki nyekundu, malori ya mahindi yakapanga foleni hadi barabarani, na dereva wa mbele akapiga honi mara mbili kabla hajashuka kwenda kuchungulia dirishani. Ni moyo. Daktari anasema ilikuwa ghafla, haukumchelewesha.

Wengi wenu mlimjua Darlene wa mizani. Wachache mlimjua Darlene wa koni. Leo nitawasimulia huyo wa pili, kwa sababu yeye mwenyewe aliniomba. Alikaa hapa studio, kwenye kiti cha wageni, koti hajavua, akaniambia, "Nikifa, Wendell, usinipambe. Nawajua nyie watu wa redio. Mtu akishakufa tu, anakuwa malaika. Sema nilichofanya."

Nilimpigia binti yake, Marcy, nikamuuliza kama niseme. Akanijibu, "Kama ndivyo alivyotaka, sema. Ila sema yote, Wendell. Na yale mazuri pia."

Basi nitasema yote.

Darlene na mumewe Roy walikuwa na gari moja tu, kile kigari chekundu cha milango mitano. Kigari kile kilimpeleka Darlene mizani kila asubuhi, kikabeba mboga za sokoni, na siku ya kanisa kilikuwa palepale kanisani. Jumapili moja kila mwezi, toka Aprili hadi Septemba, kilikwenda kushindana. Mnaujua uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi. Tunapanga koni za plastiki kwenye zege, gari linaingia moja moja, dereva anakatiza kati ya koni kwa kasi yote aliyonayo, na saa inahesabu. Ukigonga koni, unaongezewa sekunde mbili. Hakuna zawadi ya maana. Kuna kikombe cha bati na jina lako kusomwa kwenye kipaza sauti. Anayesoma ni mimi.

Mwaka wa kwanza tulimcheka. Kigari kililala kwenye kona kama ng'ombe anayetafuta mahali pa kupumzika. Nilisema hivyo kwenye kipaza sauti, watu wakaangua kicheko. Roy hakucheka. Roy alikuwa fundi wa mashine za kuvunia mahindi, mtu wa maneno machache. Alimwambia mkewe, "Waache wacheke. Tuonane mwakani."

Majira yale ya baridi walijifungia bandani. Waling'oa springi laini zilizotoka kiwandani, wakaweka ngumu, fupi kwa vidole viwili. Wakafunga shokapu zenye kitufe cha kukaza na kulegeza. Nyuma wakaweka stabilaiza nene ili mkia wa gari ufuate kichwa kwenye kona. Zile springi laini Roy alizifunga kwenye gunia akazitundika darini, palepale bandani. Naomba mlikumbuke gunia hilo. Lilikuwa hatua ishirini kutoka mlango wa jikoni.

Gari likabadilika. Halikulala tena. Likawa linageuka kama limeshikwa mkono. Lakini gari la namna hiyo lina bei yake barabarani. Kila jiwe unalihisi kwenye uti wa mgongo. Darlene alikuwa akitania, "Nikipita juu ya sarafu, naweza kukwambia ni kichwa au mkia." Roy alilegeza vitufe vya shokapu kila Jumapili jioni, lakini springi ni springi. Zilibaki ngumu.

Miaka mitatu Darlene alishika nafasi ya pili. Wa kwanza daima alikuwa daktari wa meno mmoja wa mji wa jirani. Mwaka wa nne tangu wabadilishe springi, Darlene alianza kumkaribia. Na mwaka huohuo, mwezi wa Mei, Roy aliambiwa ana saratani, na imeshaingia kwenye mifupa ya mgongo.

Walimpangia mionzi. Hospitali iko maili arobaini, na njia ni ile barabara yetu ya zege yenye viungo kati ya bamba na bamba. Mnaijua. Tap, tap, tap, hadi mjini. Roy alikwenda siku kumi na tisa. Kwenda na kurudi, safari thelathini na nane. Zote juu ya springi ngumu.

Darlene alimuuliza siku ya kwanza, "Turudishe zile za zamani?"

Roy akasema, "Thubutu! Mwaka huu unamla yule ng'oa-meno. Sikuhangaika majira mazima ya baridi ili uje kuendesha sofa."

"Unaumia?"

"Naumia hata kitandani. Endesha."

Na Darlene akaendesha. Juni akashinda. Julai akashinda tena, mbele ya daktari wa meno, kwa sekunde isiyofika nusu. Roy alikuwa kwenye kiti cha turubai, blanketi magotini na jua lote lile. Nilisoma muda wa Darlene mara tatu kwenye kipaza sauti, kwa furaha. Halafu nikapiga kelele, "Tuonane Agosti, Darlene! Usituangushe!" Hilo nalo nalisema leo, kwa sababu nimeahidi kusema yote.

Siku ya kumi na tisa, muuguzi alimvuta Darlene pembeni. Akamuuliza, "Samahani, mama, mnapita njia gani? Mumeo anafika hapa fulana imelowa kama ametoka mtoni. Na midomo yake, umeiona kwa ndani? Ameitafuna."

Darlene alimrudisha Roy nyumbani kwa mwendo wa trekta. Akamkalisha bandani kwenye kiti, akapanda darini, akashusha gunia.

Roy akasema, "Ukigusa springi hizo, Darlene, nainuka hapa."

"Inuka basi, nikuone."

Roy alijaribu. Hakuweza. Darlene alisema hapo ndipo wote wawili walipocheka, na hapo ndipo wote wawili walipolia. Kisha Roy akafuta uso, akaanza kumwelekeza. "Jeki iweke chini ya chuma, siyo chini ya bati. Sasa springi. Kandamiza pande zote mbili sawasawa, taratibu. Ikikuruka usoni, nani atanipikia?"

"Kwani ulichonipikia wewe miaka thelathini na tano ni nini?"

"Mayai."

"Mayai mara mbili, Roy."

Kazi ile ilichukua saa nne. Wasikilizaji wapendwa, narudia: saa nne tu. Saa tisa alasiri springi laini zilikuwa zimerudi mahali pake. Darlene akampakia mumewe, wakazunguka mpaka mnara wa maji na kurudi. Roy alifumba macho. Alisema, "Kama godoro."

Alifariki siku kumi na moja baadaye.

Hadithi hii ingeishia hapo, ningemwita Darlene mke mwema, nanyi mngekubali. Lakini hakuja hapa studio kuniambia hayo. Alikuja kuniambia kuhusu glavu.

Ilikuwa glavu ya ngozi, ya kazi, ya Roy. Ilikaa kwenye mfuko wa mlango, upande wa abiria. Siku ya tano ya mionzi, Darlene alikuwa akifagia gari akaiokota. Ilikuwa na matundu ya meno. Roy alikuwa akiing'ata njiani, uso ameuelekeza dirishani.

Darlene aliniambia, "Niliirudisha, Wendell. Niligeuza upande wenye alama za meno ukatazama chini. Nikajiambia ni panya. Panya! Zilikuwa zimebaki siku tatu tushindane, na gari lilikuwa limekaa vizuri. Nilijua tangu siku ya tano. Siku ya kumi na tisa muuguzi aliniambia kitu ninachokijua."

Nilimwambia kwamba Roy mwenyewe ndiye aliyekataa.

Akasema, "Roy alikuwa na haki ya kukataa. Mimi sikuwa na haki ya kumwamini."

 

Agosti hakuja uwanjani, wala Septemba. Springi ngumu alizitupa kwenye chuma chakavu. Mwaka uliofuata alirudi, si kama dereva. Alipanga koni, akaokota zilizogongwa, akakagua nati za magurudumu ya wenzake. Na kila mgeni aliyemwendea kuuliza aweke springi gani, Darlene alimjibu kwa swali: "Nani anakaa kiti cha abiria?" Wengine walidhani ni utani.

Marcy ameniambia jambo moja. Anasema, "Mama alinilea bila kuniambia uongo hata mdogo. Halafu akaishi na ule mmoja aliojiambia mwenyewe mpaka mwisho. Simlaumu. Nilikuwa napiga simu kila Jumapili nikiuliza habari za mashindano kabla ya kuuliza habari za Baba."

Mazishi ni Jumamosi saa nne asubuhi, kanisa Katoliki la hapa mjini. Atazikwa kando ya Roy. Baada ya hapo kutakuwa na kahawa na kolachi, vile vikate vyetu vya matunda, ukumbini, na kina mama wa parokia wanaomba mwenye meza za kukunja azilete.

Marcy, pole sana. Pole kwa watoto wako pia, poleni wenzake Darlene wa mizani, na poleni ndugu zangu wa uwanjani. Redio hii inalia pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, kesho asubuhi baadhi yenu mtashika njia ile ya zege kwenda hospitali, na mtu mnayempenda ataketi pembeni akisema hana neno, haumii. Huenda tayari unajua kuwa si kweli. Basi usingoje muuguzi akwambie.