Palipoachwa Peupe: Maisha ya Dunstan Feruzi, 1968–2025

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki mliokusanyika hapa Bowie, Marekani, na ninyi mnaotufuata kwa mtandao. Mlioshika programu mtaona mahali pawili pameachwa peupe, pa kwanza kwenye aya ya kuzaliwa na pa pili mwishoni, kwenye majina ya waliobaki. Msimlaumu mchapaji. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza hivyo, na sababu yake mtaisikia.

Dunstan Feruzi alizaliwa tarehe 2 Juni 1968, kisiwani kwetu, katika kijiji ambacho jina lake halikuandikwa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi cherehani mzee Feruzi Sudi na mama Agnesta, ambao wote wametangulia. Hatutadanganya mbele ya jeneza lake: Dunstan alikuwa mwoga tangu utotoni. Aliogopa mbwa, radi na choo cha nje. Giza likianza kuingia hakwenda huko mpaka mdogo wake wa kiume, aliyezaliwa miaka minne baada yake, amsindikize na kusimama mlangoni akiimba, ili kaka mtu ajue bado yupo. Mama yao alicheka mpaka machozi. Mdogo mtu hakucheka, aliimba tu.

Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari mjini, akamaliza mwaka 1986. Alichukua stashahada ya uandishi wa habari Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1990. Mwalimu wake mmoja alimwandikia kwamba ana mkono mzuri ila hana kifua cha kazi hii. Dunstan aliitunza karatasi ile na kuwaonyesha wageni, akisema huyo ndiye mwalimu pekee aliyemsoma sawasawa.

Aliporudi kisiwani alikuta siasa zimekipasua. Barabara kuu ndiyo iliyokuwa mpaka, kaskazini chama hiki, kusini chama kile. Watu waliacha kununua chumvi kwenye duka la upande wa pili, wakaacha kuoana, mwisho wakaacha hata kuzikana. Mwaka 1993 alijiunga na gazeti dogo la kila wiki lililoitwa Jirani, akapewa ukurasa ambao hakuna mwingine aliyeutaka, wa tanzia. Aliweka maiti wa kaskazini na wa kusini kwenye ukurasa mmoja. Kila familia iliyoleta tangazo aliiuliza majina ya ndugu wote waliobaki. Wengi walimwambia, "Huyu mruke, amehamia upande wa pili." Yeye hakuruka. Wakishikilia kabisa, au simu ikipigwa ofisini kwamba jina fulani lisitoke, aliacha nafasi nyeupe, upana wa jina lenyewe, ili msomaji ajue kuna mtu hapo. Watu walizoea kuzisoma zile nafasi kuliko hata habari za ukurasa wa mbele.

Tarehe 18 Septemba 1999 alifunga ndoa na Domina, muuguzi kutoka Songea. Katika picha ya harusi kila mtu anatazama kamera isipokuwa bwana harusi, anayetazama mlango wa kanisa. Domina alipomuuliza alikuwa akimtafuta nani, alijibu, "Simtafuti mtu. Nahakikisha hayupo." Walijaliwa watoto wawili, Tania na Ezekiel.

Baada ya uchaguzi mdogo wa mwaka 2008 vijana kadhaa waliuawa kisiwani, wa upande huu na wa upande ule. Magazeti mengine yalinyamaza. Dunstan alikwenda nyumba kwa nyumba kukusanya majina yao, ya wazazi wao na ya ndugu zao, yote. Siku ya kuchapa, simu ilipigwa ikamtaka auondoe ukurasa huo. Alikwenda nyuma ya ofisi akatapika, akanawa uso, akarudi na kutia saini ukurasa uchapwe. Safari hiyo hakuacha peupe hata mahali pamoja.

Siku chache baadaye, Dunstan akiwa Dar es Salaam kununua karatasi, wanaume watatu waligonga mlango wa ofisi wakasema ni mafundi wa umeme. Walimkuta mdogo wake, aliyekuwa akisambaza gazeti kwa baiskeli pande zote mbili. Jina lake lilikuwa chini ya ukurasa wa mwisho, "Msambazaji", na Dunstan ndiye aliyeliweka pale kwa fahari ya kaka. Waliondoka naye. Mdogo mtu aliporudi, wiki kadhaa zilikuwa zimepita, na mkono wake wa kulia haukunji ngumi mpaka leo. Hakusema kitu kuhusu waliomchukua. Gazeti la Jirani halikutoka tena.

Domina alipobahatika katika ile bahati nasibu ya kuja Marekani, familia ilihamia Landover mwezi Mei 2010. Mdogo mtu alikataa kuondoka kisiwani, akauliza nani atabaki na mama. Dunstan alipanga mizigo ghalani miaka kumi na minne, akapanda hadi usimamizi wa zamu. Mwaka 2016 walinunua nyumba hapa Bowie, na mnaomfahamu mnajua alivyoegesha gari: limegeuzwa kuelekea barabarani, tayari kuondoka. Kengele ya mlango ikilia, hata kama ni mleta vifurushi, alisimama nyuma ya jokofu. Tania alikuwa akimwambia, "Baba, it's just a package. Nobody's coming." Naye akamjibu, "Hata siku ile walisema ni watu wa umeme."

Hata hivyo kazi yake hakuiacha. Aliyefiwa katika jamii yetu, awe Mtanzania, Mkenya au Mkongomani, alimwita Dunstan aandike wasifu. Alipokuwa mji wa jirani wa Columbia kwa mama Spéciose, Mkongomani, akiandika wasifu wa mumewe, mzee Wenceslas, mlango uligongwa na kalamu ikamtoka mkononi. Mama Spéciose, katikati ya msiba wake, akacheka. "Baba Tania, unaogopa nini? Ni batoto ya jirani, banauzisha biskwi tu." Dunstan aliona aibu hivi kwamba alinunua boksi zote walizobeba wale watoto, na nyumba yake ilikula biskuti mpaka Pasaka.

Agosti 2024 alianza kulalamika tumbo. Madaktari waligundua saratani ya kongosho, na ilikuwa imekwisha kuenea. Hospitalini aliomba jambo moja tu, kitanda kigeuzwe ili auone mlango. Aliuguzwa na mkewe na shemeji yake Benadetha, dada wa Domina, ambaye ndiye anayewasomea hapa. Kwa Benadetha ndipo alipoanza kusimulia wasifu wake mwenyewe, maana alisema hamwamini mtu mwingine kwamba hataruka majina.

Wiki aliyoanza kusimulia, simu ilitoka kisiwani. Mdogo mtu aliomba kuzungumza na Domina, na sauti ikasikika chumba kizima.

"Shemeji, siku ikifika, naomba jina langu lisiingie. Na kijiji pia. Najua mazishi ya huko yanarushwa mtandaoni, na huku uchaguzi unakaribia. Wameanza tena kupita mitaani wakiuliza nani ndugu wa nani. Nina watoto."

Dunstan aligeukia ukuta akalia, na ndiyo mara ya kwanza Ezekiel kumwona baba yake akilia. Kisha akasema, "Asishurutishwe. Safari ile niliweka jina lake bila kumuuliza. Ila msipajaze. Acheni peupe, upana wake."

Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, asubuhi, Domina ameushika mkono wake na watoto wako pembeni. Ameacha mjane, Domina. Watoto wawili, Tania na Ezekiel. Na shemeji yake Benadetha.

Hapo ndipo programu iliyo mikononi mwenu inapoishia. Yanayofuata hayakuchapwa.

Leo asubuhi, tukitoka nyumbani kuja hapa, simu ya Domina iliita. Alikuwa ni mdogo mtu.

"Shemeji, mmeshachapa?"

"Tumeshachapa. Pako peupe, kama mlivyotaka wote wawili."

"Nimeiona ile picha ya programu mliyotuma. Nimepatazama pale peupe. Mimi ndiye niliyekuwa nikizisambaza zile nafasi zake, shemeji. Leo nimekuwa nafasi. Nisomeni. Na kijiji kisomeni."

"Na watoto je?"

"Wamekaa hapa nami, wanasikia. Mlango tumeufunga. Naogopa, sitakuficha, naogopa sana. Lakini nisomeni."

Basi wenye kalamu tunaomba mjaze. Kamera inaendelea kurusha, Domina amekubali isizimwe.

Dunstan Feruzi alizaliwa katika kijiji cha Mwangoni. Ameacha mdogo wake, Yohan Feruzi, wa Mwangoni, msambazaji wa gazeti la Jirani.

Pumzika kwa amani, Dunstan. Geukia upande uupendao ulale. Mlango tutausikiliza sisi.