Kofre ya Himid na Valise ya Kinindo

Pale mutaani Buyenzi, mbele ya kibanda ya Huguette muuza kahawa, kuna ubao moja murefu wenye umekatika kona, na juu yake kunakaaka wanaume watatu wenye kujua yote isipokuwa saa ya kurudi nyumbani. Ilias wanamwita Redio, juu ya vile hazimikake. Shakuru wanamwita Bandari: zamani alibebaka mizigo kule bandarini, na mpaka leo kila shida kwake imetoka mu meli. Tajudini wanamwita Injenyeri, juu siku moja alipigaka frigo teke, ikawaka. Ile siku ya kupeleka vitu vya arusi, adhuhuri imesha pita, Himid akasimamisha pale gari yake ya zamani, akashuka, shati imemushika mugongoni.

— Kofre imekatala, akasema, akapiga kofi ku buti ya gari.

— Tangu lini? Redio akauliza, tayari amesimama.

— Tangu Idi. Unabonyeza ka-buto ka chini ya kiti, kimya. Zamani ilikuwa inafanya tak.

— Na funguo?

— Mwenye aliniuzia alizibaka tundu na rangi ya peinture. Ni buto tu.

— Si uiache vile. Una nini mule, ng'ombe?

— Valise ya bi arusi.

Hata wale wa ubao walijua ile valise. Tamim, mutoto wa Himid, anaoa Wafa wa kule Kinindo, na valise ya nguo na marashi ilibidi ifike mu mikono ya bibi muzee wa Wafa mbele ya swala ya alasiri. Ule bibi alisha sema mara mbili kama watu wa Himid ahadi yao ni moshi. Ya tatu hatasema, atafunga mulango. Na mu ile familia ya Himid, valise haibebwe na mwanaume: inafungwa na shangazi ya bwana arusi, na ni yeye anaiweka mu gari. Shangazi mwenyewe ni Nafisa, dada yake Himid.

Sasa, Himid na Nafisa hawasemezane tangu Idi, juu ya sufuria kubwa ya marehemu mama yao. Nafisa alisema Himid aliibeba. Himid akaapa mbele ya musikiti hajaiona. Basi ile asubui alisimamisha gari ku mulango wa dada yake, akapiga honi, akakaa pale ndani shingo imekauka kama muti, anaangalia mbele. Akasikia kelele nyuma, paa! Akawasha, akaenda.

— Ni fizibli, ile fyuzi, Redio akasema. Fizibli ikiungua hakuna cha kuongea.

— Fizibli gani, na ile ya honi inalia? Injenyeri akajibu. Ni batri. Batri ikizeeka inachagua kazi. Inasema, mi nawasha mataa, kofre mufungue wenyewe.

Bandari akaweka kikombe chini polepole.

— Nyinyi hamujui gari. Hii gari volan yake, ule usukani, iko kuume. Kwao barabara inapita upande mwingine. Umeme ilizoea kutembea kule, huku mumeigeuza, inafika ku kona inapotea. Na ilikuja na meli, nyaya zimelala mu maji miezi. Mi nimezibeba, nazijua.

— Uliibeba gari ku mugongo?

— Nilibeba magurudumu yake.

— Mi niwaambie ya ukweli, Redio akaingia. Kule zinatengenezwa, gari ikifika miaka ishirini wanaifunga toka juu. Wanabonyeza satelite. Leo kofre, kesho mulango, siku moja unajikuta umefungiwa ndani na muke wako.

— Basi satelite imuonee huruma Himid, Huguette akasema, akimimina tangawizi. Kahawa yenyewe inaishia.

Himid alikuwa anaangalia kivuli ya kibanda kikirefuka. Simu ikalia mu mufuko. Hakuangalia.

— Mule kuna ubani? Bandari akauliza kwa sauti ya chini.

— Valise ya arusi, ubani inakosaka?

— Ndio hiyo. Ubani imefungiwa mu giza, joto hivi. Wenye kupenda harufu, wale wasioonekana, wamesha ingia. Wamekaa ku ile nguo, wanashika mulango kwa ndani. Itafutwe mutu asome.

— We Bandari, sasa hivi ulisema ni volan.

— Volan iliwaitikia.

Injenyeri akachoka na maneno, akalala chini ya kiti ya dereva, miguu inje, akang'oa kile kipande cha plastiki. — Ka-buto kameoza, akasema kule chini. Waya iko na kutu ya kijani. Munishikie tochi ya simu.

Hapo ikafika gari nyeupe safi, ikasimama nyuma yao. Ilikuwa Talal, kaka yake Wafa, ametumwa na bibi. Akashuka, akasalimia kila mutu kwa mukono, adabu tupu.

— Shikamoo baba Himid. Bibi anauliza kama muko njiani.

— Tuko njiani mwanangu. Ni kofre tu, haifunguke. Valise imefungiwa mule.

— Pole. Imekatala leo?

— Tangu Idi, Redio akajibu mbele ya wote.

Talal akaangalia kofre, akaangalia Himid.

— Na valise iliingia namna gani?

Redio akatafuta kikombe chake. Bandari akaangalia mbinguni, pengine satelite inapita. Himid akakumbuka ile paa ya asubui, na geti ya Nafisa, geti ya bati yenye haifungikake bila kufanya paa.

Injenyeri akagusanisha nyaya mbili. Tak. Kofre ikainuka polepole. Valise hapana. Mule ndani ilikuwa sufuria kubwa ya marehemu mama, mufuniko juu, na wali wa Idi umekauka chini kama simenti.

— Mwanangu, Himid akamwambia Talal, rudi useme tunakuja.

Himid akafika ku mulango wa dada yake na sufuria ku mikono. Nafisa alikuwa amekaa barazani, juu ya valise, ukucha moja umevunjika. Akaangalia sufuria muda murefu.

— Nilivuta ile kofre mpaka nikaumia, akasema. We uko mbele kama sanamu.

— Sasa inafunguka, dada.

— Kofre yako nimesha ona namna inatunzaka vitu.

Akaingia mbele, valise ku magoti, na toka Buyenzi mpaka Kinindo hakunyamaza hata mara moja. Himid aliendesha, anaitikia ndio dada, ndio dada, na adhana ya alasiri ilikuwa bado.