Kama Jenerali Angewahi Redioni

Kijiwe chetu cha Buyenzi ni kiti cha nyuma cha Peugeot kilichoegemezwa kwenye ukuta wa gereji, na kina sheria moja: vita ya hapa haizungumzwi, maana humjui anayesikiliza. Tunazungumza vita za wengine, tena za zamani. Siku hiyo tuliwajadili waasi wawili, Jenerali na Mwalimu, wale waliotaka kupindua serikali ng'ambo ya ziwa tukiwa watoto, wakagombana wao kwa wao na kushindwa. Asubuhi risasi zilikuwa zimelia upande wa Musaga, barabara ikafungwa na mabasi yakasimama. Salvator wa Musaga alikuwa nasi tangu hapo, mkewe na mtoto mchanga wako kule nyumbani. Kwa ajili yake tulibishana kwa bidii zaidi, ingawa hakuna aliyelisema.

— Ni Mwalimu njo aliharibu, alisema Massoudi, fundi tunayemwita Pistoni. Jenerali angefika kwanza ku redio, leo tungevuka ziwa bila paspoti.

— Apana, alisema Karimu, muuza kahawa wetu, ambaye kwetu ni Minisita. Jenerali alikuwa na kigugumizi. Kabla amalize kusema "wananchi", serikali ingekuwa imesharudi.

— Na Mwalimu je? aliuliza Pistoni.

— Mwalimu angeleta treni. Angeipitisha chini ya ziwa, itokee huku kwetu Ruziba.

— Na samaki?

— Samaki wangelipa tiketi kama mutu yeyote.

Pistoni alifikiri sana. Mambo ya injini yeye hayafanyii mzaha.

— Ya mazutu, ya dizeli, inaweza kupita, alisema. Ya esansi ingezimika katikati, petroli haipendi maji.

Salvator akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Nilifurahi, nikamchochea Minisita aendelee.

— Halafu Jenerali kwa wivu, alisema, angejenga ikulu yake kule kilima cha Kiriri.

— Kiriri ni kwetu, Minisita, nilimwambia.

— Angeomba. Mutu ameshakupa treni ya chini ya maji, we utamunyima kilima?

— Treni ni ya Mwalimu.

— Bon, wangekuwa wamepatana.

Hapo mama mmoja tusiyemjua akasimama mbele yetu, kapu mkononi. Minisita alimmiminia kikombe bila kuuliza. Hakukipokea.

— Baba zangu, samahani. Barabara ya Musaga imefunguliwa? Watoto wangu wako kule.

Pistoni alitazama kahawa yake. Minisita, aliyepitisha treni chini ya ziwa sasa hivi, alianza kufuta kikombe kingine kisafi. Mimi niliona aibu.

Salvator alisogea, akampisha kwenye kiti.

— Ikaa, mama. Mi pia nangoja mutu wa kuniambia.