Kaka Aliyeagiza Taa Zizimwe

Ndugu waombolezaji, kaka yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, nyumbani kwa baba yetu fundi cherehani, akiwa kifunguamimba wa watoto wanne, nami ninayesoma ndiye kitindamimba. Alisoma kuanzia 1958, akahitimu udaktari mwaka 1977, akaajiriwa hospitali ya wilaya, akiwa daktari pekee wa upasuaji. Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti watatu.

Linalofuata aliniagiza mwenyewe nilisome, kwa hiyo wazee mtanisamehe. Tarehe 6 Juni 1984 korodani yangu moja ilijisokota, nikaona haya, nikanyamaza siku nzima, na mficha uchi hazai. Kaka aliponipasua aliikuta nyeusi, akaitoa, ile nyingine akaishikiza kwa nyuzi, lakini alipoipasua ile aliyoitoa ikachuruzika damu nyekundu, kumbe ilikuwa hai, akaja kitandani kwangu, akaniambia amekosea, akalia.

Toka hapo hakuyaamini macho yake. Akajifunza kutumia rangi inayodungwa mkononi, ikasafiri na damu, ikang'aa kijani chini ya taa ya buluu pale tu damu inapofika, na kwa kuingoja kwake manesi wakambandika jina la Bwana Subiri.

Tarehe 19 Agosti 1993, miezi miwili baada ya harusi yangu, ile iliyobaki nayo ikajisokota, maana nyuzi zile zilikuwa za kuyeyuka. Safari hii nilikimbia hospitali. Niliganzishwa kiunoni tu, hivyo niliyasikia yote: akaisokotoa, akaifunika kitambaa cha uvuguvugu, ikabaki nyeusi, msaidizi wake akasema ikatwe, kaka akaagiza rangi idungwe na taa zizimwe, ibaki ile ya buluu tu, dakika ya kwanza giza, ya pili giza, nikamsikia akihema, nikaogopa kuliko siku zote, ya tatu nesi akasema kwa sauti ndogo kwamba ukingoni panang'aa. Kwa rangi ile nilikojoa manjano siku mbili, akanitania nalo miaka yote.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2019, akafariki tarehe 2 Februari 2024, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari, majirani, na wafanyakazi wenzake, hasa nesi yule, ambaye yupo hapa. Wale wawili walioshika picha yake pale mbele ni wanangu wa kuwazaa.

Zima taa, kaka, tumeshaona, upumzike kwa amani.